Kweli au Si Kweli: Kofia za Toi na Mchezo wa 1951

Kati ya Makina na Adams Arcade, katika vibanda vya Soko la Toi, kofia za besiboli huuzwa mwaka mzima. Hufika ndani ya bale za mitumba. Nzuri huchaguliwa mapema kama kamera, yaani daraja la kwanza, na kutundikwa mbele ya kibanda. Zilizochakaa huishia kwenye fagia, yaani mabaki. Tatu kati ya kofia hizo zinatambulika hata kwa mtu asiyewahi kuutazama mchezo wenyewe: yenye LA, yenye SF na yenye NY. Vijana wa Kibera na Kawangware huzivaa kwa sababu zinapendeza, na hiyo ni sababu tosha. Lakini herufi hizo zina historia, na sehemu yake nzito ilitokea alasiri moja jijini New York, Jumatano tarehe 3 Oktoba 1951, New York Giants walipowageuzia kibao Brooklyn Dodgers katika duru ya mwisho.

Mchezo huo umesimuliwa kwa zaidi ya miaka 70, na kila msimulizi ametia chumvi yake. Yapo madai ya kweli, yapo yaliyozidishwa, na yapo yanayomdhulumu mtu. Tuyapime moja baada ya jingine.

Kwanza mchezo wenyewe kwa ufupi. Aliyecheza raunda shuleni tayari anaujua nusu yake: mrushaji hurusha, mpigaji hupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Akirudi alipoanzia, timu yake hupata pointi. Duru ni tisa. Katika kila duru kila timu hupata zamu ya kupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe, yaani auti tatu. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, mpigaji na wenzake wote walioko vituoni hurudi nyumbani bila kuzuiwa.

Dai la 1: Kofia ya NY inayoonekana kila mahali ni ya timu iliyoshinda mchezo ule

SI KWELI. NY nyeupe juu ya kitambaa cha buluu iliyokoza ni ya New York Yankees. Siku ile Yankees hawakuwa uwanjani. Walikuwa wameshatwaa ubingwa wa Ligi ya Amerika na walikuwa wakisubiri kujua watakutana na nani kutoka Ligi ya Taifa katika fainali kuu.

Giants walivaa NY ya rangi ya machungwa juu ya kofia nyeusi, na Dodgers walivaa B ya Brooklyn. Baada ya msimu wa 1957 timu zote mbili zilihamia California. Giants wakawa wa San Francisco, wakavaa SF, nyeusi na machungwa vilevile. Dodgers wakawa wa Los Angeles, wakavaa LA. New York ikakaa bila timu ya Ligi ya Taifa hadi 1962, walipoanzishwa Mets, ambao walichukua buluu ya Dodgers na machungwa ya Giants wakaziunganisha. Kwa hiyo ukiona pale Toi kofia ya buluu yenye NY ya machungwa, umeona rangi za mahasimu wawili wa 1951 zikiwa zimeshonwa pamoja.

Dai la 2: Giants walikuwa timu dhaifu iliyobahatika siku moja

SI KWELI. Tarehe 11 Agosti 1951 Giants walikuwa nyuma ya Dodgers kwa michezo 13. Pengo kama hilo mwezi wa Agosti kwa kawaida halizibiki. Wao walishinda michezo 16 mfululizo, na katika michezo yao 44 ya mwisho walishinda 37. Hiyo si bahati ya siku moja, ni kazi ya wiki saba.

Dodgers nao hawakulala. Siku ya mwisho ya ratiba, tarehe 30 Septemba, walikuwa Philadelphia na walihitaji ushindi ili tu wabaki sawa na Giants. Duru tisa ziliisha timu zikiwa sawa, mchezo ukaendelea hadi duru ya 14. Jackie Robinson aliwaokoa kwa kudaka mpira mgumu katika duru ya 12, kisha akapiga pigo la kuvuka ukuta katika duru ya 14, wakashinda 9–8. Timu zote mbili zikamaliza na ushindi 96 na vipigo 58, ikabidi wacheze michezo mitatu ya kuamua. Giants walishinda wa kwanza 3–1, Dodgers wakashinda wa pili 10–0. Wa tatu ndio huu.

Dai la 3: Giants walibakiwa na auti moja tu

SI KWELI, ingawa husimuliwa hivyo mara nyingi kwa sababu hadithi hunoga zaidi.

Giants waliingia zamu yao ya mwisho wakiwa nyuma 4–1. Alvin Dark akapiga, akafika kituo cha kwanza. Don Mueller akapiga, na mpira ukapenya karibu na Gil Hodges, mlinzi wa kituo cha kwanza, aliyekuwa amesogea kituoni kumbana Dark. Kwa timu inayoongoza kwa pointi tatu, Dark hakuwa tishio kubwa. Hodges angesimama mahali pake pa kawaida, pengine mpira ule angeuzuia. Monte Irvin, mpigaji waliyemtegemea kuliko wote msimu ule, akapiga mpira wa juu ukadakwa: auti ya kwanza. Whitey Lockman akapiga pigo la vituo viwili, Dark akarudi nyumbani, ikawa 4–2. Mueller alifika kituo cha tatu lakini aliumia kifundo cha mguu, akatolewa kwa machela, na Clint Hartung akaingia kukimbia badala yake.

Hapo ndipo Dodgers walipombadilisha mrushaji. Don Newcombe akatoka, Ralph Branca akaingia. Bobby Thomson, mzaliwa wa Glasgow huko Scotland, akasimama na gongo. Mpira wa kwanza aliuacha, ukahesabiwa dhidi yake. Wa pili aliupiga, ukavuka ukuta wa kushoto. Wachezaji watatu wakarudi nyumbani: 5–4, mchezo ukaisha.

Auti ilikuwa moja tu. Thomson angeshindwa, bado alikuwepo aliyefuata, kijana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza aliyeitwa Willie Mays, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa enzi zote.

Dai la 4: Ni sawa na Manchester United mwaka 1999

NUSU KWELI. Kila shabiki wa soka wa makamo pale Toi anaikumbuka fainali ya tarehe 26 Mei 1999 kule Barcelona. Bayern Munich waliongoza tangu dakika ya sita, kisha Teddy Sheringham na Ole Gunnar Solskjær wakafunga katika muda wa nyongeza. Mshtuko wa mashabiki ni uleule, na machozi ni yaleyale.

Tofauti ni saa. Katika soka, timu inayoongoza inaweza kuupeleka mpira kwenye kona, kuukinga, kuanguka, kubadilisha mchezaji taratibu, na dakika zikaisha. Katika besiboli ya 1951 hakukuwa na saa ya kukimbilia. Mpaka auti ya 27 ipatikane, anayeongoza analazimika kumrushia mpira anayeshindwa, tena karibu na gongo lake. Dodgers hawakuwa na mahali pa kujificha. Ndiyo maana pointi tatu katika duru ya tisa ni uongozi mzuri lakini si kufuli.

Dai la 5: Pigo lilikuwa refu ajabu, na uwanja ulikuwa umefurika

SI KWELI kwa yote mawili. Uwanja wa Polo Grounds ulikuwa na umbo la ajabu, mrefu sana katikati na mfupi pembeni. Katikati, ukuta ulikuwa zaidi ya mita 140 kutoka kwa mpigaji. Kwenye mstari wa kushoto ulikuwa mita 85 tu. Mpira wa Thomson ulikwenda upande ule mfupi, ukapita juu ya Andy Pafko, mlinzi wa Dodgers upande huo, aliyebaki amesimama chini ya ukuta akiutazama. Katika viwanja vingine vya ligi huenda ungedakwa. Hilo halimpunguzii Thomson chochote, kwa kuwa wapigaji wa timu zote mbili walikuwa na ukuta uleule.

Mashabiki walikuwa 34,320, katika uwanja wenye viti karibu 55,000. Viti kama 20,000 vilikuwa vitupu. Kwa miaka mingi baadaye, waliodai kuwa walikuwepo siku ile walikuwa wengi kuliko viti vyenyewe.

Dai la 6: Dunia nzima iliusikia mchezo huo

NUSU KWELI. Wamarekani waliliita pigo lile risasi iliyosikika duniani kote. Michezo hiyo mitatu ilikuwa ya kwanza ya besiboli kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine, na askari wao waliokuwa vitani Korea waliifuata kupitia redio ya jeshi. Nairobi, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka mmoja kabla, mwezi Machi 1950, ilikuwa inakaribia saa sita za usiku mpira ulipovuka ukuta. Kibera ya wakati ule ilikuwa vijiji vya Wanubi, wazao wa askari walioletwa na Waingereza, na jina la Makina ni la enzi hizo. Huku kwetu habari ile haikuwa na wa kuipokea.

La ajabu zaidi ni kwamba hata sauti maarufu ya mtangazaji wa redio Russ Hodges, anayerudia mara nne kwamba Giants wametwaa ubingwa wa ligi, ilinusurika kwa sababu shabiki mmoja wa kawaida aliinasa nyumbani kwa mashine ya kurekodia. Kumbukumbu kubwa za michezo mara nyingi hutunzwa na watu wasiolipwa kuzitunza. Wazee wa Nairobi wenye picha na tiketi za mechi za zamani ndani ya masanduku wana hazina, na wajukuu wao wangefanya vyema kuziulizia leo.

Dai la 7: Giants waliiba ishara za wapinzani kwa darubini

KWELI. Enzi hizo, kabla ya kila mpira, mdakaji alimwashiria mrushaji kwa vidole ni mpira wa aina gani arushe: wa kasi au wa kupinda. Mpigaji akijua mapema, kazi yake imepungua nusu. Kuanzia mwezi Julai 1951, Giants waliweka darubini katika chumba chao cha kubadilishia nguo, kilichokuwa katikati kabisa mwa uwanja nyuma ya ukuta. Kocha msaidizi Herman Franks alichungulia vidole vya mdakaji, akabonyeza kengele ya umeme iliyounganishwa kwa waya hadi walipokaa wachezaji wa akiba, na kutoka pale mpigaji akapewa dalili. Minong'ono ilikuwepo kwa muda mrefu, lakini mwandishi Joshua Prager aliithibitisha hadharani katika gazeti la Wall Street Journal mwezi Januari 2001, baada ya kuzungumza na wachezaji wa timu ile waliokuwa bado hai.

Je, Thomson alijua mpira wa Branca kabla haujatoka mkononi? Mwenyewe alikana. Na ushahidi wa michezo mitatu ile unatutaka tuwe waangalifu. Mchezo wa kwanza ulichezwa Ebbets Field, nyumbani kwa Dodgers, ambako darubini ya Giants haikuwepo, na Thomson aliwahi kupiga pigo la kuvuka ukuta dhidi ya Branca huyohuyo. Mchezo wa pili ulichezwa Polo Grounds, ilikokuwa darubini, na Giants hawakupata hata pointi moja. Darubini haipigi mpira.

Hata hivyo udanganyifu ni udanganyifu. Ushindi ule una doa, na anayeupenda mchezo huo analazimika kuutaja pamoja na doa lake.

Dai la 8: Baada ya pigo lile Giants wakawa mabingwa wa dunia

SI KWELI. Walipata ubingwa wa Ligi ya Taifa na nafasi ya kukutana na Yankees katika fainali kuu. Yankees waliwafunga michezo minne kwa miwili.

Lakini fainali ile iliacha jambo kubwa. Kwa kuwa Mueller alikuwa ameumia kifundo cha mguu katika ile duru ya tisa, nafasi yake ilichukuliwa na Hank Thompson. Akaungana na Monte Irvin na Willie Mays, na kwa mara ya kwanza katika fainali kuu walinzi wote watatu wa nyuma wa timu moja walikuwa watu weusi. Hiyo ilikuwa miaka minne tu tangu Jackie Robinson, mwaka 1947, avunje ukuta uliowazuia watu weusi kucheza katika ligi kuu za karne ya 20. Wakati huo Nairobi yenyewe ilikuwa imegawanywa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Ukweli kuhusu besiboli ya 1951 unatuhusu hapa kuliko wengi wanavyodhani.

Muuza jezi wa Toi anayeshangaa kwa nini namba 42 hujitokeza kwenye jezi za timu tofauti, jibu ni Robinson. Mwaka 1997 namba yake iliondolewa katika timu zote kwa heshima yake, na sasa kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote huivaa.

Dai la 9: Huu ni mchezo wa Wamarekani, Afrika Mashariki hatumo

SI KWELI. Majirani zetu wa Uganda wamo. Mwaka 2011 vijana wao walifuzu kwa mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, wakakosa viza. Mwaka uliofuata timu kutoka Lugazi ilifika, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Mwaka 2022 Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, walisaini mkataba na Los Angeles Dodgers, klabu ileile iliyolia Polo Grounds mwaka 1951. Kijana anayevaa kofia ya LA pale Toi amevaa nembo ya klabu iliyowapa mkataba vijana wa ng'ambo ya Busia na Malaba. Hilo linafaa kujulikana, na kutiwa fahari.

Dai la 10: Ralph Branca ndiye aliyewapotezea Dodgers, na maisha yake yakaishia pale

SI KWELI, na hili ndilo dai lililofanya dhuluma kubwa kuliko yote.

Branca alivaa namba 13, na watu wakasema ni nuksi. Tuache nuksi, tuangalie yaliyotokea. Newcombe, aliyemtangulia, alikuwa amerusha mchezo mzima Jumamosi tarehe 29 Septemba, akaitwa tena kwa duru zaidi ya tano Jumapili, kisha akarusha zaidi ya duru nane Jumatano. Mkono wake ulikuwa umekwisha. Roy Campanella, mdakaji hodari wa Dodgers, alikuwa ameumia na hakucheza. Gil Hodges alisimama aliposimama. Kocha Chuck Dressen alipouliza nani yuko tayari, aliambiwa kwamba mipira ya mrushaji Carl Erskine inadunda chini, akamchagua Branca, mtu ambaye Thomson alikuwa ameupiga mpira wake ukavuka ukuta siku mbili tu kabla. Kituo cha kwanza kilikuwa wazi, na Thomson angeweza kupewa kituo hicho bila kurushiwa mpira wa hatari. Hilo nalo halikufanyika. Na huko nyuma ya ukuta kulikuwa na darubini.

Maisha yake hayakuishia pale. Branca, aliyeshinda michezo 21 mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 21, aliumia mgongo mwaka 1952 na nguvu zake zikapungua, lakini aliendelea kucheza hadi 1956. Mwaka 1954 mchezaji mwenzake alimdokezea habari ya darubini. Angeweza kupiga kelele. Alinyamaza kwa miaka karibu 50, kwa kuwa hakutaka kuonekana mtu wa visingizio. Yeye na Thomson wakawa marafiki, wakazunguka pamoja kwenye hafla wakitia saini picha ya siku ile, mmoja ameshinda na mwingine ameshindwa. Thomson alifariki mwaka 2010, Branca mwaka 2016. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho Branca alikuwa mshindani wa kweli.

Jumatatu asubuhi kila kibanda cha Toi huwa na hakimu wa soka, na mara nyingi hukumu humwangukia kipa mmoja au beki mmoja aliyeteleza dakika ya mwisho. Kabla ya kumhukumu, tuulize nani alikuwa amechoka, nani alikuwa ameumia, na kocha aliamua nini. Kipigo cha 1951 kilijengwa na watu wengi kwa duru tisa. Branca alirusha mipira miwili tu.